Hamira ya Pakiti au Chachu ya Chombo? Mwongozo kwa Wapishi wa Anjera Mandera

Anjera ya asubuhi huamuliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpishi anapokoroga unga na maji baada ya sala ya isha, tayari ameshachagua jambo moja kubwa: rojo lake litaumuliwa na nini? Katika nyumba nyingi za mji wa Mandera, na kuanzia Rhamu hadi Elwak, majibu ni mawili. Moja ni hamira kavu ya dukani, zile punje ndogo za rangi ya udongo zinazouzwa kwa pakiti. Jingine ni chachu ya majimaji, yaani rojo la jana lililobakizwa chini ya chombo ili liumue la leo.

Wengi huchagua kwa mazoea. Aliyelelewa na bibi mwenye chachu huendelea na chachu, na aliyeolewa karibu na duka huzoea pakiti. Makala hii inataka kumsaidia mpishi achague kwa kujua, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: unga ndio uamue. Unga wa mtama na wa mahindi unahitaji chachu ya majimaji na usiku mzima. Unga mweupe wa ngano unaweza kutoshelezwa na hamira kavu kwa saa moja au mbili. Sababu zangu ni za ladha na za mfuko, lakini zaidi ya yote ni za afya ya watoto wanaoila anjera hiyo siku baada ya siku.

Kilichomo ndani ya kila kimoja

Hamira kavu ni kiumbe hai aliyelala. Ni kuvu ya aina moja, ambayo wanasayansi huiita Saccharomyces cerevisiae, iliyokuzwa kiwandani, ikakamuliwa maji, kisha ikakaushwa hadi ikabaki na unyevu mdogo sana. Ikikutana na maji ya uvuguvugu huamka, hula sukari iliyomo kwenye unga, na hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ndiyo inayolifanya rojo kupanda na anjera kutoboka macho. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha, katika karne ya 19, kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai na si na mmenyuko wa kemikali peke yake.

Hamira ya kukaushwa ilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale kampuni ya Fleischmann ya Marekani ilipotengeneza aina iliyoweza kusafiri na majeshi bila barafu. Aina yenye punje ndogo zaidi, inayochanganywa moja kwa moja na unga bila kulowekwa kwanza, ilitolewa na kampuni ya Lesaffre ya Ufaransa mwaka 1973. Hiyo ndiyo inayotawala maduka ya Afrika Mashariki leo, iwe imetoka Ufaransa, Uturuki au Uchina.

Chachu ya majimaji ni kitu kingine kabisa. Ndani yake hamna kiumbe mmoja bali jamii nzima: kuvu za asili zilizotoka kwenye nafaka yenyewe, na pamoja nazo bakteria wanaotengeneza asidi ileile inayochachusha maziwa ya ngamia yakawa susa. Kuvu hutoa hewa, bakteria hutoa uchachu. Kwa sababu wako pamoja, kazi yao huenda polepole kuliko hamira ya pakiti, lakini huubadilisha unga kwa undani zaidi.

Majirani zetu ng'ambo ya Mto Daua wanaijua chachu hii kwa jina la irsho. Waethiopia wanaopika injera ya tefi huliacha rojo litulie siku mbili au tatu, kisha hukinga yale maji ya manjano yanayoelea juu na kuyatunza kwa ajili ya rojo linalofuata. Sudan nao hupika kisra, mkate mwembamba wa mtama, kwa rojo lililobakizwa kutoka kwenye mpiko uliopita. Msomi wa Sudan, Hamid Dirar, alipochapisha mwaka 1993 kitabu chake juu ya vyakula vya kuchacha vya nchi hiyo, aliweka wazi jinsi maarifa haya yalivyo mapana na jinsi yalivyobebwa na wanawake. Anjera ya Wasomali, lahoh ya Yemen, na hata mkate wa chila wa pwani yetu ni wa ukoo huo huo.

Kuna swali moja ambalo baadhi ya waumini huniuliza, nalo linastahili jibu la moja kwa moja. Kuvu ya hamira ndiyo kuvu ileile ambayo viwanda vya bia huitumia, na ni kweli kwamba ikila sukari hutoa pombe kidogo pamoja na hewa. Katika rojo la anjera kiasi hicho ni kidogo, na sehemu yake kubwa huondoka na mvuke juu ya kikaango. Chachu ya majimaji nayo ina kuvu, kwa hiyo katika jambo hili hakuna tofauti ya msingi kati ya hizo mbili. Mikate iliyoumuliwa kwa hamira huliwa kila siku kuanzia Makka hadi Mogadishu. Lakini rojo lililosahauliwa kwenye joto hadi likanuka pombe waziwazi limwage, usilipike.

Kwa nini mtama unadai chachu

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Nafaka nzima, hasa mtama na mahindi yasiyokobolewa, ina kitu kinachoitwa asidi ya fitiki. Mmea huitumia kuhifadhi fosforasi ndani ya mbegu. Tatizo ni kwamba asidi hiyo huyashika madini ya chuma na zinki yasinyonywe tumboni. Mtoto anaweza kula anjera ya mtama yenye chuma ya kutosha kwenye hesabu, na bado damu yake ikabaki na upungufu, kwa sababu chuma hiyo imefungwa. Mtama mwekundu una tatizo la pili, yaani tanini, ambayo nayo huzuia madini na huipa anjera ukakasi.

Nafaka hiyohiyo ina kimeng'enya kinachoweza kuivunja asidi ya fitiki. Ila kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri pale tu rojo linapokuwa na uchachu wa kiasi, na linapopewa muda. Chachu ya majimaji inaleta vyote viwili kwa pamoja. Bakteria wake hushusha rojo hadi kwenye uchachu unaofaa, na kwa sababu kazi huchukua usiku mzima, kimeng'enya hupata saa za kutosha. Hamira ya pakiti haifanyi hivyo. Hupandisha rojo kwa saa moja, mpishi akaona macho yametokea, akapika, na fitiki ikabaki karibu vilevile ilivyokuwa.

Kwa hiyo anjera mbili za mtama zinaweza kufanana kwenye sahani, zikawa na macho sawa na ulaini sawa, na moja ikamlisha mtoto kuliko nyingine. Katika kaunti ambayo ukame huja na kurudi na maziwa hupungua mifugo inapohamia mbali, tofauti hiyo si ndogo.

Na kwa kuwa tumetaja chuma: chai inayonywewa pamoja na anjera nayo hupunguza unyonywaji wa chuma, tena sana. Najua ni vigumu kumwambia mtu wa Mandera atenganishe anjera na chai. Walau kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula.

Unga mweupe wa ngano ni habari nyingine. Kwa kuwa umekobolewa, ganda na kiini vimeondolewa, na fitiki nyingi imeondoka navyo, pamoja na madini yenyewe. Chachu haitaurudishia kilichoondolewa. Ndiyo maana sioni ubaya kwa mpishi wa hoteli, au mwenye shughuli ya harusi, kuchukua unga wa ngano na hamira kavu akamaliza kazi yake kwa muda mfupi. Atapata anjera nyeupe, laini, isiyo na uchachu, ambayo wageni wengi huipenda kwa mafuta ya simsim na sukari.

Wanaochanganya, kwa mfano mtama vikombe viwili na ngano kimoja, wafuate njia ya mtama.

Kununua na kutunza hamira kavu

Mandera iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara. Pakiti ya hamira inayofika dukani imepita Garissa na Wajir juu ya lori, chini ya turubai, katika joto ambalo hakuna kiwanda kinacholipendekeza. Hamira iliyofungwa vizuri na kutolewa hewa inaweza kukaa karibu miaka miwili mahali penye ubaridi. Joto huula muda huo. Tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti ihesabiwe kuwa ndiyo mwisho kabisa, na wewe ununue mapema zaidi yake.

Pakiti kubwa ya nusu kilo ishike mkononi. Ile nzima huwa ngumu kama tofali kwa sababu hewa imenyonywa yote. Ikiwa imelegea na punje zinacheza ndani, hewa imeingia, irudishe. Usinunue hamira iliyogawanywa dukani kwenye vifuko visivyo na tarehe wala jina, kwa maana huwezi kujua ilifunguliwa lini.

Kuhusu ukubwa wa pakiti, hesabu rahisi inasaidia. Chungu kimoja cha nyumbani, chenye unga wa nusu kilo hivi, hutumia kijiko kimoja cha chai cha hamira, karibu gramu 3. Pakiti ya gramu 500 ingetosha vyungu zaidi ya 160. Kwa familia inayopika mara moja kwa siku hiyo ni zaidi ya miezi mitano, na hamira iliyofunguliwa katika joto la Mandera bila friji haikai hata robo ya muda huo ikiwa na nguvu zake. Bei ya kila gramu ni nafuu kwenye pakiti kubwa, lakini sehemu yake kubwa utaimwaga. Nunua vipakiti vidogo vya gramu 10 au 11, isipokuwa una hoteli, au mmekubaliana majirani kugawana pakiti kubwa siku hiyohiyo inapofunguliwa.

Ukishafungua, tia hamira kwenye chupa ya kioo kavu yenye kifuniko kinachobana. Mwenye friji aiweke humo. Asiye nayo aiweke karibu na mtungi wa maji, pale penye ubaridi kuliko kwingine nyumbani, lakini isiguse unyevu.

Kuijaribu ni kazi ya dakika 10. Chukua nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukitia kidole huhisi joto wala baridi. Koroga kijiko cha chai cha sukari, nyunyiza kijiko cha chai cha hamira, funika. Hamira nzima itapanda povu zito juu ya maji. Ikiwa imebaki matope chini na vipovu vichache, imekufa au inakaribia. Kuiongeza mara mbili kwenye rojo ili ifidie ni kupoteza unga.

Wengi wanaodhani wamenunua hamira mbovu kwa kweli wameiua wenyewe kwa maji ya moto. Kuvu hii hufurahia nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi na hufa inapokaribia nyuzi 60. Mandera, ambako mchana hupita nyuzi 35 katika miezi ya joto, maji ya tangi lililopigwa na jua mara nyingi yana joto la kutosha bila kuchemshwa. Yaguse kwanza.

Mambo mawili yasichanganywe na hamira. Beking pauda hutoa hewa kwa kemikali, haina kiumbe hai na haichachushi chochote. Unga wa ngano wa kujiumua umeshatiwa beking pauda kiwandani. Ukiutilia hamira tena utapata rojo linalopanda kwa fujo na kuanguka kabla kikaango hakijapata moto. Soma mfuko.

Kutengeneza na kulea chachu

Njia nyepesi ya kupata chachu ni kuomba. Jirani mwenye chungu kizuri atakupa nusu kikombe, na sijawahi kusikia aliyenyimwa. Ukitaka kuanza mwenyewe, chukua unga wa mtama au wimbi uliosagwa na ganda lake, kwa kuwa viumbe unaowataka wanaishi kwenye ganda. Changanya nusu kikombe cha unga na nusu kikombe cha maji safi kwenye chombo cha kioo au udongo, funika kwa kitambaa chepesi, weka kivulini. Kila siku ondoa nusu yake, kisha ongeza robo kikombe cha unga na robo kikombe cha maji.

Siku ya kwanza au ya pili utaona mapovu mengi na utashawishika kwamba iko tayari. Bado. Mapovu hayo ya mwanzo hutokana na bakteria wengine, baadhi yao wasiofaa, ambao hutangulia kabla uchachu haujawaondoa. Harufu yake huwa ya kuchukiza kidogo. Endelea. Katika sehemu za baridi kama Limuru kazi hii huchukua wiki nzima au zaidi. Kwa joto letu siku nne au tano huwa zinatosha. Chachu iliyokomaa hunuka uchachu mtamu, kama wa susa nzuri, na hupanda ndani ya saa chache kila ukiilisha.

Maji ni jambo la kuangalia sana Mandera. Mji ulipatwa na kipindupindu mwaka 2016, na Mto Daua unaonyweshwa mifugo na kutekwa na watu ni ule ule. Maji ya mto na ya visima vifupi yachemshwe, kisha yapoe kabisa. Usitegemee uchachu uyasafishe. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini yaachwe wazi saa kadhaa kabla ya kukutana na chachu, maana dawa hiyo haichagui kiumbe wa kuua. Baadhi ya visima virefu vya kaunti hutoa maji ya chumvi; chumvi nyingi huipunguza kasi chachu, kwa hiyo ukitumia maji hayo usiongeze chumvi nyingine kabla ya kupika.

Chombo nacho. Mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia una mikwaruzo ndani ambamo mabaki hujificha, na hausuguliki vizuri kupitia mdomo mwembamba. Chungu cha udongo, kioo, au sufuria isiyopakwa rangi ndani ni bora. Rojo la kuchacha lisilale kwenye sufuria ya aluminiamu usiku kucha, kwa sababu asidi huila aluminiamu taratibu.

Sasa kipimo. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hutaka chachu kikombe kizima. Ukifuata hivyo Mandera, ukaiweka saa mbili usiku, alfajiri utakuta rojo kali lisilolika. Joto likizidi, bakteria wa uchachu huwashinda kuvu mbio, kwa hiyo rojo huchacha kabla halijaumuka vizuri. Suluhisho ni kupunguza. Kwa vikombe vitatu vya unga na vikombe vitatu na nusu vya maji, vijiko viwili au vitatu vya mezani vya chachu vinatosha kwa usiku wa joto. Usiku wa baridi wa Julai tia robo kikombe. Funga chombo kwa kitambaa kilicholowekwa maji, ukiweke pale upepo unapopita. Kwa hewa yetu kavu, kitambaa hicho hushusha joto la chombo kwa kiasi cha kuonekana.

Kabla ya kuanza kupika, toa chachu ya kesho kwanza. Nusu kikombe kwenye chombo chake, kisha ndipo utie chumvi kwenye rojo lililobaki. Asubuhi zenye haraka za Ramadhani, wakati wa daku, ndipo wengi husahau na kupika hadi tone la mwisho.

Rojo la mtama halina ule mnato wa ngano unaoshika hewa, na ndiyo sababu anjera yake wakati mwingine hupasuka. Waethiopia wana ufundi unaofaa kuigwa: chukua kikombe kimoja cha rojo lililochacha, lipike na maji kidogo hadi liwe uji mzito, lipoe, kisha ulirudishe kwenye chungu na ulikoroge. Baada ya nusu saa au saa moja rojo lote litapanda upya likiwa na mshiko. Fanya hivyo, na anjera yako ya mtama itakunjika bila kukatika.

Likichacha kupita kiasi, usilimwage. Gawa mara mbili: nusu ongeza unga na maji mapya kwa viwango sawa, subiri saa moja, upike. Nusu nyingine ibaki chachu. Ncha ya kijiko ya magadi ya kupikia itapunguza ukali, lakini zaidi ya hapo anjera itakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 huharibika.

Kuna jambo ambalo chachu haiwezi, na nalisema kwa uzito wote. Haiondoi sumu ya ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa. Mahindi yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye uchungu yasisagwe, hata kama mvua imechelewa na ghala limekaribia kuwa tupu. Uchachu utaificha ladha mbaya, sumu itabaki.

Kutumia zote mbili

Wapo wanaochanganya, na kuna namna nzuri ya kufanya hivyo. Rojo la mtama lilale na chachu usiku mzima, kisha, saa moja kabla ya kupika, litiwe robo kijiko cha chai cha hamira kavu. Chachu itakuwa imeshamaliza kazi yake ya kufungua madini, na hamira italeta macho mengi hata kama chachu yako bado changa. Namna mbaya ni kuzitia zote kwa pamoja tangu usiku: hamira huila sukari yote mapema, na alfajiri unakuta rojo limeshuka na halipandi tena. Na ukichanganya hivi, ile nusu kikombe ya kesho itolewe kabla ya kutia hamira, ili chachu yako ibaki na jamii yake.

Kwa upande wa uhakika wa kupatikana, chachu ina ubora ambao duka haliwezi kuushinda. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa mwaka 2023 yalikata barabara za kaskazini mashariki, na bidhaa za dukani zikawa adimu. Aliyekuwa na chungu cha chachu alihitaji unga na maji tu.

Udhaifu wake ni safari. Familia inayohama na mifugo kuelekea Takaba au Banissa, au mwanafunzi anayekwenda chuoni Nairobi, hawezi kubeba chombo cha rojo linalopanda na kumwagika ndani ya gari. Kwake kuna njia ya kuifanya chachu ya majimaji iwe kavu. Ilishe, isubiri ipande vizuri, kisha ipake nyembamba sana juu ya sinia safi. Ianikwe kivulini penye upepo, kamwe isiwe juani, kwa sababu sinia la bati chini ya jua la Mandera hupata joto la kuua kila kilichomo. Kwa hewa kavu ya msimu wa jilaal, siku moja au mbili zinatosha iwe magamba yanayovunjika kwa kidole. Yasage, yatie kwenye chupa kavu, yafunge. Yakikaa mahali pasipo joto kali yatadumu miezi kadhaa.

Unapofika, chukua kijiko kimoja cha mezani cha magamba hayo, kiloweke kwenye vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu hadi kilainike, kisha ongeza vijiko viwili vya unga wa mtama. Kesho yake kitakuwa kimetulia tu, pengine na vipovu viwili vitatu. Lisha tena kwa robo kikombe cha unga na robo kikombe cha maji, asubuhi na jioni. Ikianza kupanda ndani ya saa nne au tano baada ya kulishwa, itie kwenye chungu usiku huo.